Gari la spoti la mtumba katika ukanda wa dhahabu: pesa ianzie chini

Toyota Celica ya kizazi cha saba, iliyotoka viwandani kuanzia 1999 hadi 2006, ndilo gari la spoti la milango miwili ambalo mtu wa Kahama, Geita au Shinyanga anaweza kulimiliki bila kuuza kiwanja. Wenzake wapo: Nissan Silvia, Honda Integra na Toyota 86 iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Ila kwa mtu wa mkoani, Celica ina faida ambayo hao wengine hawana. Injini yake ya kawaida, 1ZZ-FE, ni ileile iliyofungwa kwenye Premio, Allion na Wish za cc 1800, kwa hiyo fundi wa mtaani ameshaifungua mara nyingi na spea zake hazisumbui. Altezza ya 1998 hadi 2005 ina milango minne, lakini kwenye gereji huhesabiwa kundi hilohilo, na mengi yanayofuata hapa yanaihusu pia.

Bei yake huvumilika kwa sababu gari hili halina kazi ya pili. Ukanda unaoanzia machimbo ya Mwakitolyo, ukapita Kahama na Bulyanhulu hadi Nyarugusu, Geita na Katoro, unapenda gari linaloingiza hela: Probox ya abiria, Noah, Hilux ya kupandisha mawe na mafuta machimboni. Gari la kubeba watu wawili na begi husubiri mteja kwa muda mrefu. Kuliagiza upya kutoka Japani nako hakulipi. Juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, gari dogo lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na Celica zote zimeshapita umri huo. Ndiyo maana nyingi zinazouzwa zilishasajiliwa nchini zamani na zimepita mikononi mwa watu kadhaa, kila mmoja akiacha waya wake, stika yake na springi alizozikata.

Kabla ya kununua hata nati moja, mwenye gari ajue ana injini gani. 1ZZ-FE hutoa takriban farasi 145 na mgandamizo wake ni 10 kwa 1. 2ZZ-GE, ya ukubwa uleule wa cc 1800, hutoa farasi 190, na mgandamizo wake ni 11.5 kwa 1. Camshaft ya hii ya pili ina ngazi mbili: chini ya mizunguko 6,000 hivi kwa dakika gari huwa pole kama la kwendea sokoni, juu ya hapo valvu hufunguka zaidi na mlio hubadilika. Wengi hununua Celica ya 1ZZ wakitegemea mlio huo, kisha humsumbua fundi autafute mahali usipokuwepo. 1ZZ za miaka ya mwanzo, kabla ya 2002, zina tabia ya kula oili, kwa hiyo kijiti cha oili kikaguliwe kila wiki.

Hesabu inayofuata ni ya mahali penyewe. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na miji ya ukanda huu iko kwenye kimo hicho au juu yake kidogo. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyohiyo. Celica iliyoandikwa farasi 190 hubaki na kama 168 ikiwa Kahama. Hakuna plagi, filta wala dawa ya chupa inayomiminwa kwenye tangi itakayorudisha farasi hao 22. Turbo ingewarudisha, lakini kufunga turbo kwenye injini yenye mgandamizo wa 11.5 bila kubadilisha pistoni ni kununua injini nyingine kwa awamu.

Mwinuko una hisani moja ndogo. Huko Japani 2ZZ-GE na 3S-GE ya Altezza hunywa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya nchi hiyo haipungui oktani 96, ilhali ya kawaida huanzia 89. Sheli nyingi za Kanda ya Ziwa huuza petroli ya aina moja tu. Hewa nyepesi hupunguza shinikizo ndani ya silinda, hivyo injini hugonga kidogo kuliko ambavyo ingegonga pwani. Uchakachuaji wa petroli ndio uliokuwa balaa zaidi, hadi mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuyachanganya na petroli kusiwe na faida. Hata hivyo, mwenye 2ZZ achague sheli yenye mzunguko mkubwa wa magari na asiihame.

Mtu akitaka kujua gari la namna hii linapaswa kurekebishwaje kwa Afrika Mashariki, jibu limekuwepo tangu miaka ya 1980. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yakapita pia katika ardhi ya Tanganyika na baadaye Tanzania, yalishindwa na Celica mara 8 kati ya 1984 na 1995. Björn Waldegård alishinda 1984, 1986 na 1990. Juha Kankkunen 1985 na 1993. Carlos Sainz 1992. Ian Duncan wa Kenya 1994. Yoshio Fujimoto 1995. Celica hizo zilikuwa zimenyanyuliwa. Zilikuwa na sahani nene ya chuma chini ya injini, matairi yenye mashavu marefu, taa za ziada, na nyingine zilivutia hewa kutoka juu, karibu na paa, ili vumbi na maji visifike kwenye filta. Picha zinazoenea kwenye simu leo ni za mitaa ya Tokyo: gari limelazwa hadi bampa linakaribia kugusa lami, rimu kubwa, tairi jembamba kama mkanda. Mtindo huo umetoka mahali penye lami safi. Tuta la kwanza la barabara ya Tinde litaukataa.

Kazi ya kwanza basi ni joto. Mafundi wengi wa huku wana mazoea ya kung'oa thamostati gari linapochemsha, na rejeta ikivuja hujazwa maji ya bomba au ya kisima. Vyote viwili huonekana kusaidia kwa wiki chache. Bila thamostati injini haifikii joto lake, kontrol boksi hudhani ni asubuhi siku nzima na kuendelea kumimina petroli ya ziada, oili ikachafuka upesi. Maji yenye chumvichumvi nayo huacha magamba kwenye mirija ya rejeta. Kwa kimo hiki maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo mfuniko wa rejeta wenye springi iliyochoka huleta madhara haraka kuliko pwani. Thamostati mpya, mfuniko mpya, kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, na feni inayowaka kwa wakati: hayo hayapigwi picha, lakini ndiyo yanayolivusha gari mwezi wa Oktoba kati ya Shinyanga na Geita.

Kwenye hewa ndiko pesa nyingi hupotea. Filta ya wazi yenye umbo la koni hufungwa kwa sababu inatoa mlio mzuri. Tatizo ni kwamba hukaa ndani ya boneti na kuvuta hewa iliyokwishapashwa na injini. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 30 kwa asilimia 9, na nguvu hupungua kwa kiasi kama hicho. Mwenye gari amelipa ili apunguziwe farasi na kuongezewa kelele. Vumbi ni baya zaidi. Vumbi jekundu la machimboni lina chembe za mchanga mgumu, na filta ya nyavu pana iliyokosa mafuta yake huziachia zipite hadi kwenye ringi za pistoni. Boksi la asili la Celica huvuta hewa ya mbele iliyo baridi. Liachwe mahali pake, liwekewe filta ya karatasi yenye ubora, na filta hiyo ibadilishwe mara mbili zaidi ya kitabu kinavyosema kama gari hupita njia za vumbi. Mpira unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye injini nao uchunguzwe. Ufa mdogo kwenye mkunjo wake hupitisha vumbi lisilochujwa hata kidogo.

Sahani ya kukinga sampu ni kitu ambacho ukanda huu unaweza kukitengeneza vizuri kuliko Dar es Salaam. Wachomeleaji wa Katoro, Geita na Kahama hutengeneza makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu; bati la chuma la milimita 3 kwao ni kitu chepesi. Sahani ifungwe kwa bolti kwenye fremu ndogo inayobeba injini, isichomelewe kwenye bodi, iachiwe tundu la kumwagia oili na matundu ya kupitisha hewa. Fundi aelezwe mapema kwamba bolti lazima zifunguke, la sivyo ataichomelea moja kwa moja kwa nia njema kabisa.

Baada ya hapo ndipo huja springi na shokapu. Kukata springi ni marekebisho ya bei ndogo kuliko yote na ndiyo mabaya kuliko yote. Springi iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikombe chake, shokapu hufanya kazi ikiwa imebanwa, na kila rasta kabla ya kijiji huhesabiwa na uti wa mgongo wa dereva. Gari lililolala pia haliwezi njia za mbuga wakati wa mvua, ambapo udongo mweusi huvimba na kuacha mifereji mirefu ya magurudumu ya malori. Kinachofaa ni shokapu mpya nne, bushi mpya, linki za stabilaiza, na kama gari linagusa chini, spesa za sentimita 2 hivi juu ya shokapu. Zikizidi hapo, dravshafti hukaa kwa pembe kali na jointi zake huanza kulia kila gari linapokata kona. Celica iliyofungwa bushi mpya hushika kona kuliko Celica yenye springi za bei mbaya na bushi zilizokufa, na tofauti hiyo huhisiwa mikononi siku hiyohiyo.

Rimu ndizo zinazobadilisha sura ya gari kuliko kitu kingine chochote, na si dhambi kuzitamani. Celica hutumia bolti 5 katika duara la milimita 100. Rimu za Altezza, Mark II na Mark X ni za milimita 114.3 na haziingii. Anayesema zitaingia kwa kupanua matundu akimbiwe. Za Subaru Impreza ya kawaida huingia, lakini tundu lao la katikati ni milimita 56.1 wakati haba ya Toyota ni 54.1, kwa hiyo huhitaji pete ya kujaza nafasi, vinginevyo usukani utatetemeka kuanzia kilomita 80. Ukubwa nao una hesabu. Tairi la 205/55R15 lina kipenyo cha milimita 606 hivi; 215/45R17 lina 625. Ongezeko hilo ni asilimia 3, maana yake dashibodi ikionyesha 50 gari linakwenda 51 na nusu, na trafiki mwenye tochi hasomi dashibodi ya mtu. Kwa njia za huku inchi 16 zenye 205/50 zinatosha: kipenyo ni 611, shavu la tairi lina zaidi ya sentimita 10 za kupokea shimo, na rimu haipindi ovyo.

Tairi lenyewe lisomwe umri. Tarakimu nne za mwisho katika msimbo wa DOT ubavuni hutaja wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini lenye miaka 9 halifai gari la kukimbia. Alaimenti ifanyike kwa mashine, si kwa kamba. Tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la Geita huweza kwenda Mwanza kupimwa na kurudi siku moja bila kusubiri kivuko.

Breki hazihitaji maajabu. Pedi nzuri na diski zisizo na mawimbi hutosha, pamoja na mafuta mapya ya breki ya DOT 4, ambayo yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu hushuka hadi kama 155. Magari mengi ya mtumba yana mafuta ya breki ambayo hayajabadilishwa tangu Japani. Kupaka kalipa rangi nyekundu kunaruhusiwa baada ya hapo.

Ekzosi huamsha hisia nyingi. Kubadilisha mufla ya nyuma kwa yenye mrija ulionyooka kidogo hupunguza uzito na kutoa sauti nene. Farasi wanaopatikana kwenye 1ZZ ni wa kuhesabu kwa vidole. Kung'oa masega (katalaiza ya kusafisha moshi) ni jambo jingine. Oksijeni sensa ya nyuma hugundua, taa ya injini huwaka dashibodini na kubaki inawaka, na siku tatizo la kweli likitokea hakuna taa ya kulionyesha. Moshi wake pia hunuka ndani ya gari. Wapo wanaoyang'oa kwa kuwa kuna wanunuzi wa masega, kisha wanaita kazi hiyo kuongeza nguvu. Huo ni uuzaji wa spea.

Kwa habari ya kontrol boksi, vidude vinavyochomekwa chini ya dashibodi na kuahidi farasi 15 huwasha taa ndogo na kuishia hapo. Programu ya kweli hubadilishwa na mtu mwenye mashine ya kupima nguvu ya magurudumu na anayejua petroli iliyomo tangini, na kwa injini isiyo na turbo faida yake haifikii gharama. Plagi za iridiamu ni nzuri, hudumu hadi kilomita 100,000, mradi ziwe halisi. Za bandia ni nyingi, na bei ikiwa ya plagi za kawaida, basi ni za kawaida.

Urembo wa nje unaanzia kwenye taa. Kioo cha taa za Celica ni plastiki ya polikaboneti, na jua la digrii 3 kusini mwa ikweta huigeuza njano. Msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu polishi, hurudisha uangavu kwa saa mbili za kazi. Bila kupuliziwa klia yenye kinga ya jua mwishoni, unjano hurudi ndani ya miezi michache, na ndivyo inavyokuwa kwa dawa ya meno inayopigiwa chapuo na kila muosha magari. Balbu za xenoni au LED zenye mwanga mkali kupita kiasi zisifungwe kwenye taa iliyotengenezewa balbu ya kawaida. Mwanga hutawanyika na kuingia machoni mwa anayekuja, na usiku kati ya Isaka na Kahama anayekuja mara nyingi ni lori linalokwenda Rwanda au Burundi.

Rangi isisuguliwe ikiwa na vumbi. Vumbi jekundu lioshwe kwa maji mengi kwanza, ndipo kitambaa kiguse bodi. Mikwaruzo ya duara inayoonekana juani kwenye magari meusi ya huku ni kazi ya tambara kavu. Polishi ya mashine hula kidogo tabaka la klia kila inapopita, hivyo mara moja kwa mwaka yatosha, na nta ifuate. Spoila ya kiwandani iliyotoka kwenye Celica nyingine hukaa vizuri. Ile ya faiba iliyofinyangwa na kupachikwa kwa skrubu huanza kutikisika baada ya safari chache za vumbi. Sketi za pembeni na bampa refu zisahaulike, kwa sababu zilizotajwa tayari kuhusu matuta.

Ndani, jambo la kwanza linalomsumbua mwenye gari la Japani ni redio. Redio za huko ziliundwa kwa masafa ya FM ya 76 hadi 90, ilhali stesheni za Tanzania zinafika 108, kwa hiyo nyingi hazisikiki. Kifaa cha kushusha masafa hutatua nusu ya tatizo; redio mpya yenye skrini hulimaliza, ikifungwa kwa soketi yake bila kukata waya za asili. Usukani mdogo wa spoti hupendeza, lakini kuufunga ni kutoa eabagi ya dereva. Kava za viti nazo zisizibe eabagi za ubavuni kama kiti kinazo.

Yanabaki makaratasi. Kubadilisha rangi ya gari, iwe kwa kupuliza au kwa stika ya mwili mzima, na kubadilisha injini, hutakiwa kuonekana kwenye kadi ya gari, na marekebisho ya taarifa hizo hufanywa TRA. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kwa maandishi, hasa kwa mwenye bima kubwa, kwa kuwa gari lililopata ajali likiwa na injini isiyo kwenye kadi hutoa sababu rahisi ya kukataa madai. Namba ya gari iwe ya kawaida, herufi nyeusi kwenye njano kwa gari binafsi, isiyopindishwa wala kuzibwa na fremu ya urembo. Rimu za asili, mufla na boksi la filta vilivyoondolewa viwekwe stoo, maana mnunuzi anayefuata atavidai, na asipovikuta atapunguza bei.